Togwa Iliyochachuka Asubuhi ya Kulima

Kabla sijabatizwa nilikuwa mpika pombe, na sikuwa mpika pombe wa mchezo. Watu walitoka hata upande wa reli kuja kunywa ya kwangu. Shule sikuiona, kusoma nimejifunza ukubwani kwa kitabu cha nyimbo za kanisani. Lakini siku ya ubatizo sikusomewa maneno ya kufuatisha. Nilisimama mwenyewe nikasema sitaipika tena, sitainywa, wala sitampa mtu. Nilikuwa nimeona pombe yangu ilivyofanya katika nyumba za watu, nikasema basi.

Kusema ni rahisi wakati wa kiangazi. Mvua zikaja.

Kwetu, kandokando ya ile njia ya zamani ya misafara inayotoka Tabora kwenda Ujiji, mtu halimi shamba kubwa peke yake. Unapika pombe, unaita kikundi, wanakuja alfajiri na ngoma, wanapiga matuta wakiimba, na jua likipanda mnakaa mnakunywa. Hakuna pombe, hakuna majembe. Ndivyo ilivyokuwa na simlaumu mtu.

Mwaka ule mume wangu alikuwa Kaliua, kwenye ujenzi wa reli ya kwenda Mpanda. Mwanangwa, yule mkubwa wa kijiji aliyekuwa akigawa mashamba, alitupa kipande kipya, kipana, udongo mzuri. Akaniambia waziwazi: sehemu ambayo haitakuwa na matuta mvua za kwanza zikikatika, anampa mwingine. Hakuwa mtu wa kurudia neno. Na mimi nililitaka shamba lile. Nililitaka vibaya. Nikifumba macho naona karanga, naona mahindi, naona nyumba ya bati, naona wake za ndugu wa mume wangu wakipita wakijifanya hawaoni.

Nikamwendea shemeji yangu, kaka mkubwa wa mume wangu, aliyekuwa kiongozi wa kikundi. Nikamwambia nitawapa ugali, maharage, kuku, na togwa tamu ya kushiba, lakini pombe hapana. Alicheka mpaka akakaa chini. Akataka kujua tangu lini wanaume wanalima kwa uji kama watoto wanaoota meno. Mwisho akakubali, kwa ajili ya mdogo wake, na kwa sababu aliujua mkono wangu.

Togwa nyingi inataka vyungu vikubwa. Vyangu nilikuwa nimevigawa nilipobatizwa. Nikaazima kwa mama mkwe vyake vya pombe, nikavisugua kwa mchanga na maji ya moto, nikapika uji wa mtama, nikatia kimea, nikafunika. Wakulima walikuwa waje kesho yake. Kesho yake mvua ikanyesha kutwa, ikaja habari kwamba watakuja siku inayofuata. Unga wa kupika nyingine sikuwa nao.

Mtu aliyepika miaka yote ile alipaswa kujua. Chungu cha pombe hakioshwi kikawa safi kabisa. Chachu inakaa ndani ya udongo kama kunguni ukutani. Mchana ule wa mvua niliinama juu ya chungu nikasikia kama mtu anayenong'ona. Nikajiambia ni mvua juu ya nyasi za paa. Jioni sikuinama tena.

Alfajiri nikafunua. Povu lilikuwa limepanda mpaka mdomoni. Sikuhitaji kuonja. Pombe naijua kwa pua.

Ngoma nilikuwa nazisikia tayari, ng'ambo ya mbuga. Nikapiga magoti pale pale jikoni. Watu husema Roho aliwaambia hivi na hivi. Mimi sikuambiwa kitu. Nilisikia ngoma zikikaribia na povu likipasuka.

Shemeji akawatangulia wenzake. Nilimwamkia, akaitikia huku pua yake imeshaingia jikoni. Akachota kwa kata, akanywa, akafumba macho.

"Shemeji," akasema, "Mungu wako ana huruma kuliko wewe."

"Sikupika pombe."

"Nani kasema umepika? Imejipika. Wewe uliweka togwa, mvua ikanyesha. Mvua ni ya nani?"

Aliposema imejipika, moyo wangu uliruka kwa furaha, kama mwizi aliyekuta mlango wazi, na furaha ile ndiyo iliyonitisha. Niliijua. Ndiyo niliyokuwa nayo zamani, wake za watu wakija kuwavuta waume zao barazani kwangu na mimi naongeza kata nyingine. Kumbe kitu kile hakikufa. Kilikuwa kimekaa tu kinangoja sababu nzuri.

Nikatoka nje. Nikawaambia togwa imechachuka, imekuwa pombe, siitoi. Chakula kipo. Anayetaka kulima kwa chakula abaki.

Mmoja akauliza kama mke wa ndugu yao ana homa. Mwingine akasema huyu amefunga kilabu cha pombe akafungua kengele ya kanisa. Shemeji hakupaza sauti. Alinivuta pembeni akanieleza taratibu kwamba watalima kwanza, kisha watabeba vyungu wakanywee kwake. Hapo sitakuwa nimempa mtu, watakuwa wamechukua wenyewe. Maneno yalikaa sawasawa. Nikaona nikianza kumjibu atanishinda. Nikarudi jikoni nikasukuma chungu cha kwanza.

Nilivimwaga vyote, nikijua ninachokimwaga ni shamba. Kuku wakaja kudonoa machicha. Muda si muda jogoo akawa anaanguka ubavu, na hata waliokasirika wakacheka. Kisha wakaondoka na ngoma zao.

Walibaki wanawake wachache wa kanisani waliokuja kunisaidia, na mzee mmoja kiziwi ambaye nadhani hakuelewa. Tulilima mpaka viganja vikapasuka, siku ile na zilizofuata, mimi nikiangalia mawingu kuliko jembe. Mvua zikakatika tukiwa nusu. Mwanangwa akaja, akapima kwa hatua zake, nusu ya pili akampa shemeji. Kikundi kilimlimia asubuhi moja.

Mume wangu alirudi mahindi yakiwa magotini. Wakati ule alikuwa bado hajabatizwa. Alisimama mpakani, akatazama ile nusu ya kaka yake.

"Na kama ungewapa?"

"Ungekuta shamba zima," nikamwambia, "na mimi niko kwa mwanangwa naomba la pili."

Alivua koti, akachukua jembe, akaanza kupalilia tuta la pembeni. Nami nikashika linalofuata, kichwa chini, maana mahindi ya shemeji yalikuwa mazuri sana, na kila nikiyatazama moyo ulikuwa unaanza tena kupima ile nusu iliyonipotea.