Mama Kizuizi na Tangazo la Tatu

Wakongo wa Katwe, mjini Kampala, hawamwiti Kavugho kwa jina lake. Wanamwita Mama Kizuizi, na mwenyewe alilipenda jina hilo, tusidanganyane. Miaka ishirini iliyopita, kwao Butembo, alikuwa akiigiza katika kichekesho cha televisheni ya mjini, Parokia ya Mtakatifu Nani. Jumamosi saa kumi hata wauza nyama walikuwa wanafunga vibanda wakaangalie.

Ee, kilikuwa kitamu kile kichekesho! Mwalimu Hippolyte alikitunga mwenyewe na kukipiga picha ndani ya ghala la kahawa. Altare ilikuwa makreti ya bia yaliyofunikwa shuka, kengele ilikuwa rimu ya lori, na padri alikuwa fundi viatu ambaye hakuwahi kumaliza Baba Yetu bila kukosea. Kavugho alicheza kikongwe wa benchi la mbele. Kila kipindi padri anatangaza ndoa, anauliza nani ana kizuizi, naye anasimama, mkono juu, sauti nyembamba: "Kizuizi ninacho!" Leo bwana harusi ana miguu mikubwa mno, kesho bibi harusi hajui kusonga ugali. Akiambiwa akae, analia kwa kwikwi, kitambaa usoni, na mji mzima hoi kwa kicheko.

Vita vikamleta Kampala na Darlène, mtoto wa marehemu mdogo wake Blandine, akiwa na miaka mitano tu. Alitafuta cherehani, akashona magauni ya watu, akamlea yule mtoto mpaka akawa mwanamke. Jumapili walikwenda kanisa la mabati la Wakongo. Huko ndoa hutangazwa Jumapili tatu, na ile ya tatu ndiyo ya mwisho: mwenye neno aliseme pale pale mbele ya watu wote, la sivyo anyamaze milele.

Mchungaji Arsène alikua akiangalia kichekesho kile miguuni pa mama yake. Siku moja akamwambia Kavugho, "Mama, kwenye tangazo la tatu tuchekeshe kidogo." Akachekesha. Watu wakapenda, na tangu hapo ikawa hakuna ndoa bila Mama Kizuizi. Maharusi wenyewe walimfuata na soda, wakisema asipowapinga yeye, ndoa haina baraka. Upuuzi mtupu! Lakini mtu aliyepoteza nyumba, ndugu na mji wake, halafu akute watu wanamchekea kwa upendo, atakataaje? Miaka sita aliufanya mchezo huo, na aliufurahia.

Darlène akapata mchumba, Bénit, mpiga kinanda wa kwaya, kijana mpole wa kupigiwa mfano. Kavugho akaanza kushona gauni. Jumamosi, siku moja kabla ya tangazo la tatu, Kahambu, rafiki yake wa zamani, akaja kutoka Butembo na mzigo wake wa vitenge, akaiona kadi ya mwaliko yenye picha ya maharusi.

"Huyu?" alisema Kahambu. "Dada, huyu ni mume wa jirani yangu. Wana watoto wawili. Wali wa harusi yao nimeula kwa mkono huu!"

Darlène aliporudi, Kavugho akamweleza yote, taratibu, kama mtu anayetoa mwiba.

"Mama mkubwa, sema kweli. Unaogopa kubaki peke yako," Darlène alijibu, akaingia chumbani na kubamiza mlango.

Kavugho akampigia mchungaji. Simu imezimwa; Jumamosi hufunga na kusali. Kahambu naye alikuwa na basi la alfajiri. "Wewe sema kanisani," alimwambia, "wakibisha, wanipigie mimi."

Basi akasema. Mchungaji Arsène aliposoma majina na kuuliza nani ana kizuizi, alimtupia Kavugho jicho la utani. Kavugho alikuwa ameapa kusema kwa sauti yake ya kawaida, lakini alipofungua kinywa ikatoka ile ile nyembamba.

"Kizuizi ninacho."

Kanisa likalipuka.

"Sichezi leo! Bénit ana mke Butembo! Ana watoto wawili!"

"Leo kizuizi ni mke!" mtu alipiga kelele nyuma, na watu wakapiga mabenchi kwa viganja. Simu zikainuliwa juu kumrekodi. Kavugho akaanza kulia, kwikwi zikamshika, akatoa kitambaa, na Mungu amsamehe aliyemfundisha kulia vile, maana kilio chake cha kweli hakikuwa na tofauti na cha Butembo. Bénit, bila aibu, akagusa kinanda, akapiga muziki wa kuchekesha. Shenzi!

Mmoja tu hakucheka. Darlène alikuwa amemkodolea macho, uso umemparama. Alijua fika kwamba huu si mchezo. Kavugho akamnyooshea mkono. Mtoto angesema neno moja tu, kicheko kingekatika.

Darlène akasimama. Akaanza kupiga makofi.

"Mpigieni mama mkubwa wangu makofi, jamani!"

Vigelegele vikapanda mpaka kwenye mabati. Mchungaji, akifuta machozi ya kicheko, akatangaza kwamba hakuna kizuizi, harusi ni Jumamosi. Ibada ilipokwisha Kavugho alimshika mkono mlangoni. "Mchungaji, yale ya leo ni kweli."

"Mama, basi," alisema Arsène, "mbavu zinaniuma."

Jumatatu Kahambu akapiga simu kutoka Butembo. Video ilikuwa imeshafika huko, kelele za watu zimemeza maneno yote isipokuwa lile la kwanza.

"Dada, nimecheka mpaka nimelia! Hujazeeka hata kidogo," alisema. "Ila ile habari ya Bénit, utawaambia lini?"

Kavugho akaigeukia cherehani. Gauni la Darlène lilikuwa chini ya sindano, limebaki pindo.