Nilitema Dawa Dunguni, Lawama Akabeba Dada

Kosa ni langu, na nalisema leo kabla sijaghairi. Dada yangu hakukosa kitu. Dawa hazikukosa kitu. Ni mimi!

Tunalima mpunga bondeni, huku Kibiti. Nilipokutwa na virusi vya UKIMWI, nesi aliniambia nichague mtu wa karibu wa kunisimamia nikimeza dawa. Nikamtaja dada, kwa kuwa ndiye aliyenilea. Kumbe nimejitafutia balaa! Kila asubuhi ni amri: "Meza. Fungua mdomo. Inua ulimi." Mimi, mtu mzima, mwenye mume na mimba ya miezi minne! Hasira zikanikaba.

Mpunga ulipochanua tukahamia shamba kulinda ndege, tukawa tunakaa dunguni, kile kibanda cha juu ya nguzo. Sakafu yake ni ya fito, na fito zina nafasi. Nilikuwa nakibana kidonge nyuma ya jego, namwonesha dada ulimi mtupu. Akigeuka tu kufukuza ndege, nakitema kwenye maji chini. Najiona mjanja! Mwili hauniumi popote, dawa za nini?

Tuliporudi kijijini sikuacha. Nilitemea kwenye banda la kuku. Nikajifungua natema. Nikanyonyesha natema.

Ole wangu! Mtoto akapimwa, akakutwa navyo. Na mimi damu yangu ikaonekana imejaa virusi.

Nesi akamgeukia dada. "Mama, una hakika anameza?"

"Wallahi nesi, namwona kwa macho yangu haya. Kila siku."

"Basi labda kuna siku unasahau."

Dada akainamisha kichwa. Hakuwahi kusahau hata siku moja! Nami nilikuwa ubavuni pake, nimempakata mwanangu, nikamwacha abebe lawama.

Nikabadilishiwa dawa. Hizo nilizimeza kweli, kwa woga. Lakini siri niliificha, miaka yote hiyo, na dada akaendelea kutusimamia mimi na mtoto huku moyo umemvunjika.

Binti yangu sasa ana miaka minne. Wiki iliyopita nilimkuta dada uani ameshika kikombe cha kombe, maji ya aya alizoandikiwa na shehe. Kikopo cha dawa za mtoto hakikuwa mahali pake.

"Mdogo wangu, tumpumzishe mtoto," akasema. "Wewe nilikumezesha mwenyewe, na bado yakamfika. Mimi dawa hizi siziamini tena."

Nikakaa chini kwenye vumbi, nikamwambia yote. Jego. Fito. Banda la kuku. Nililia mpaka sauti ikakauka.

Hakunitukana. Bora angenipiga! Alikiweka kikombe chini taratibu, akakitoa kikopo alikokificha, akayeyusha kidonge cha mtoto kwenye maji na kumnywesha mpaka tone la mwisho. Kisha akaniletea changu.

"Meza."

Nikameza.

"Fungua mdomo. Inua ulimi."

Akanishika kidevu, akapitisha kidole nyuma ya jego, kushoto na kulia. Tangu siku hiyo hana neno lingine na mimi. Ni hayo tu, kila asubuhi, halafu anaondoka. Nimemwomba msamaha mpaka nimechoka, na sijui kama nitaupata.

Jamani, ninyi mnaosimamiwa kumeza dawa mkaona mnafanywa watoto, nawaombeni, mezeni! Anayekukagua mdomo hakudhalilishi, anakutaka uishi. Na kama umewahi kutema, kimbia ukaseme leo, kabla mwingine hajalaumiwa kwa ajili yako.

Jana binti yangu aliniuliza ataacha lini kunywa kikombe chake cha dawa. Nilijifanya sikumsikia.