Waya Mbaya wa Kithimani

Gari langu lina skrini kubwa, na hiyo skrini ina kiherehere. Ukichomeka simu ipate chaji, chaji peke yake jamani, yenyewe inadhani imealikwa kutawala. Redio inakatika. Ramani inafunguka, eti nimepotea kwetu! Kisha inacheza chochote nilichosikiliza mwisho kwenye simu, kwa sauti ya mkutano wa injili. Najua kuna mahali pa kuizima hiyo programu inayounganisha simu na gari. Nimeshaingia huko kwenye mipangilio mara nyingi, na kila mara nimetoka nimezima kitu kingine. Mwishowe nikaamua simu itapata chaji nyumbani na gari libaki na redio yake, kila mtu na kazi yake.

Jumamosi moja nilisahau. Nilikuwa nimelala kwa Mama, kupita Matuu kidogo, na asubuhi tukatoka kwenda Machakos mjini kuchagua kitambaa cha sare ya akina mama wa kanisa lake. Simu yake ndogo ya kubonyeza aliiacha mezani makusudi. "Sitaki watu wa kikundi wanisumbue na mambo ya rangi," alisema. Yangu ilibaki na asilimia nne. Sikujali, kwani nani angenipigia Jumamosi?

Mama alishika redio mwenyewe, akatafuta stesheni ya Kikamba, kipindi cha kutafutana. Watu hupiga simu kutafuta ndugu, mbuzi, hata vitambulisho vilivyoanguka. Hakikosi hicho kipindi, na huwakosoa wote. "Huyo hajapotea, huyo ametoroka mke," aliniambia juu ya mmoja, nikacheka mpaka nikaingia shimo la barabara.

Ndipo ikaja sauti ya mwanamke mzee, nyembamba, yenye haraka. Alisema anatafuta rafiki yake wa usichana. Walichota maji pamoja, wakabatizwa siku moja. Na siku yeye alipoolewa hakuwa na viatu, basi huyo rafiki akavua vyake akampa, akamsindikiza pekupeku. Kisha akalitaja jina.

Silitaji hapa. Halikuwa la ubatizo wala la kitambulisho, lilikuwa jina la utani la wasichana wa mtoni, nami halikuniambia kitu. Kwetu Ukambani mwanamke akishazaa anakuwa mama wa fulani, na lile la usichana linakunjwa na kuwekwa. Lakini nilimwona Mama akishika mkanda wa kiti kwa mikono miwili.

"Ni mimi," akasema.

"Nini ni wewe?"

"Anayetafutwa! Viatu ni vyangu! Piga simu, wewe msichana, piga!"

Wee! Mtangazaji akasema atamshikilia mama huyo kwenye laini wakati nyimbo mbili za mwisho zikicheza. Zikiisha, atasoma namba ya studio, na asipojitokeza mtu, basi, kipindi kimekwisha. Yule mzee akadakia hewani kwamba simu aliyoshika ni ya kuazima, mwenyewe anasafiri nayo leo hii. Kwa maneno mengine, tukimkosa sasa, tumemkosa.

Nikasimamisha gari kando ya barabara. Asilimia mbili. Nikachomeka.

Redio kimya. Ramani hiyoo! Na mazoezi ya kwaya yetu, sauti ya tatu peke yake, yakajaa gari zima.

"Umemkata!" Mama akapiga kelele. "Mwanangu, umemkata!"

"Sijamkata, ni gari!"

"Basi liambie liache!"

Nikachomoa. Redio ikarudi kwa kujivuta, wimbo bado unaendelea. Nikachomeka tena nikibonyeza kila kinachobonyezeka, na kwaya ikarudi palepale ilipoachia. Nikachomoa. Nikaingia kwenye mipangilio, nikavaa miwani, nikavua miwani, nikaitukana simu kwa lugha tatu mbele ya mzazi wangu, na hapo hapo ikazima. Nilitaka kulia kwa hasira. Bila redio hatungepata namba, bila chaji hatungeipiga, na gari lenyewe lilikataa kutupa vyote viwili.

Kisha nikaukumbuka ule waya ambao kila mtu amewahi kuuziwa na kuulaani, ule ambao ndani hauna nyuzi zote. Unapitisha moto wa chaji tu. Huwezi kuhamisha nao picha wala wimbo, na gari haliwezi kujua kama upande wa pili kuna simu. Soko la Kithimani lilikuwa pale mbele tu. Nikakanyaga mafuta.

Sokoni niliacha injini ikinguruma na redio juu, nikampa Mama amri moja: namba ikisomwa, aishike. Nikakimbia hadi kibanda cha vitu vya simu.

"Ndugu, nipe waya mbaya."

Mwenye kibanda, mwanaume wa makamo aliyevaa koti safi, akanitazama. "Madam, hapa hakuna mbaya. Zote ni orijino."

"Sitaki orijino! Nataka ule feki kabisa, wa kupeleka chaji tu."

"Na nani amekuambia mimi nauza feki?" Aliumia kweli. Akanitolea mmoja mnene wa kusukwa. "Huu hapa unapitisha kila kitu, hata video."

"Si ndiyo shida yenyewe! Sitaki upitishe kitu!"

Watu walishaanza kusimama kututazama, na kadiri walivyoongezeka ndivyo alivyozidi kushikilia jina lake. Hana, hajawahi kuwa nazo, niulize soko lote. Nilikuwa karibu kuruka ile meza. Mama akatoa kichwa dirishani na kupaza ile sauti yake ya kuita mbuzi.

"Baba! Natafutwa redioni na mtu aliyeondoka na viatu vyangu! Toa takataka yako niongee naye!"

Soko likaangua kicheko. Hata yeye akashindwa, akainama chini ya meza, akatoka na mfuko. "Hizi ni zile watu wamerudisha," akaninong'oneza. "Lakini hukuzipata kwangu."

Niliporudi, Mama alikuwa ameinamia dashibodi, mikono ameizungushia kitu. "Usipumue hapa!" akanifokea. Namba yote ilikuwa pale, ameiandika kwa kidole kwenye vumbi. "Uvivu wako leo umetufaa."

Nikachomeka. Alama ya chaji ikajitokeza kwenye simu. Skrini ya gari ikatulia tuli, na redio ikaendelea! Nilipiga usukani kwa furaha mpaka honi ikalia. Mtangazaji alikuwa anasema, "Basi mama, inaonekana leo hatukubahatika..." Amka wewe simu, amka! Ikaamka. Nikapiga, laini haipatikani. Nikapiga, haipatikani. Nikapiga tena.

"Haloo, uko hewani."

Nikamrushia Mama simu. Kwa wasiwasi akajitambulisha kwa jina analoitwa na kila mtu, mama wa mimi hapa. "Asante mama," mtangazaji akasema kwa upole, "lakini tunayemtafuta ni mwingine."

"Ni mimi!" Na kwa mara ya kwanza maishani nikamsikia akilitamka lile jina. Sauti yake ikatoka redioni nyuma yake, na mluzi mkali ukatoboa masikio.

"Mama, tafadhali zima redio."

Baada ya vita vyote vile! Nikaizima kwa mkono wangu mwenyewe, nacheka huku machozi yananitoka, nikaweka simu spika.

"Viatu vilikuwa vya rangi gani?" mtangazaji akauliza.

"Kahawia! Na cha kushoto kilikuwa kimetoboka, nilikitilia karatasi."

"Uuuwi!" ikalia sauti ya yule mzee. "Na kilinitoa lengelenge!" Halafu akaanza kumwita. Kwa jina lile, tena na tena, na Mama anaitika kila mara kwa sauti nyepesi ambayo sikuijua. Bibi yangu alishakufa, na mama zangu wakubwa na wadogo wote wameshazikwa. Duniani hakukuwa na mwingine aliyebaki wa kumwita hivyo.

"Nilijiambia umekufa," yule rafiki akasema walipotulia. "Nilijiambia hivyo kwa sababu ungekuwa hai ungenitafuta."

Mama akafumba macho.

"Mimi pia," akasema, "nilijiambia hivyo hivyo juu yako."

Akaisogeza simu karibu na mdomo.

"Niko hai," Mama akasema. "Niko hapa Kithimani, ndani ya gari la mtoto. Sema uko wapi."