Kitufe cha Gari la Bi Amparo

Eleuterio Popoca alikuwa mtu wa maegesho, nyuma ya soko mjini Puebla. Kiwanja kilikuwa kidogo na magari yalibanana kama dagaa, kwa hiyo kila mwenye gari alimwachia ufunguo, naye akashinda akiyasogeza: hili litoke, lile liingie. Mkewe alikuwa amefariki. Binti yake alikuwa kaskazini, ng'ambo ya mpaka, akipiga simu Krismasi hadi Krismasi. Maneno ya siku nzima Eleuterio aliyapata asubuhi, watu walipompa funguo.

Aliyoyangoja hasa ni ya Bi Amparo, muuza vitambaa wa mtaa wa pili.

"Umeamkaje, Bwana Eleuterio?"

"Salama, Bi Amparo. Goti je?"

"Goti linataka kustaafu, mimi sitaki!"

Walicheka, ufunguo ukapita mkono hadi mkono, basi. Dakika moja tu, kwa miaka kumi na mmoja. Jumapili, soko lilipopumzika, Eleuterio aliona siku haina mlango.

Mwezi wa Machi, mtoto wa Bi Amparo alimnunulia mama yake gari jipya la kuwashwa kwa kitufe. Siku ya kwanza Bi Amparo alichelewa, akaliacha limewashwa kama alivyozoea akiwa na haraka, akaenda zake na mkoba wake. Eleuterio naye kwa mazoea aliingia, akalisogeza hadi njiani kumpisha mtu, akabonyeza kitufe kulizima. Injini ikazima. Alipobonyeza tena, kioo kidogo kikaandika kwamba ufunguo haupo. Akapapasa chini ya usukani kutafuta tundu. Tundu halikuwepo.

Nyuma yake pikapu ya nyanya ilipiga honi.

"Mzee, umelichumbia hilo gari? Litoe!"

"Ufunguo umeondoka na mwenyewe."

"Basi mfuate, kabla nyanya zangu hazijawa mchuzi!"

Akamfuata. Miaka yote hiyo hakuwahi kukanyaga dukani kwa Bi Amparo. Mlangoni alivua kofia, akasimama katikati ya majora ya vitambaa kama mtu aliyeingia kanisa la wengine. Wateja wakamtazama. Akaeleza kwa sauti ndogo, jasho likimtoka.

"Maskini wee, kosa langu!" Bi Amparo alifungua mkoba. "Kumbe kidude chenyewe cha ufunguo ninacho huku. Na mwanangu alinipa viwili. Hiki kikae kwako moja kwa moja. Usipate tabu ya kunisubiri asubuhi tena."

Eleuterio hakunyoosha mkono.

"Afadhali uwe unanipa kila siku, Bi Amparo. Naweza kukipoteza."

"Wewe? Hujanipotezea hata ufunguo mmoja!" Wateja wakacheka naye. "Shika, bwana, watu wanakungoja."

Alitaka kusema. Maneno yalifika kooni yakaona wateja, yakarudi. Akapokea kidude, akashukuru, akaenda kuitoa pikapu ya nyanya kwenye dhiki yake.

Kesho yake Bi Amparo aliingia, akazima gari, akampungia mkono kutoka mbali na kukaza mwendo kuelekea dukani. Eleuterio alikuwa ameshafungua mdomo kuuliza habari za goti. Akaufunga. Akaingia garini, akabonyeza kitufe. Likawaka kimya kabisa, naye akalirudisha nyuma taratibu hadi ukutani.