Mitungi ya Shemeji

Kiwandani wanamwita Mama Povu, na hakuna anayekumbuka nani alianza. Kazi yake ni kutoamini. Mtungi wa gesi ukishachomelewa na kupakwa rangi humfikia unang'aa kama bwana harusi, naye huukagua kama mama mkwe. Kiwandani hulipwa kwa hilo. Nyumbani hulifanya bure. Birika jipya hulizamisha kwenye ndoo kabla halijaona moto, na mumewe akichelewa kurudi humsikiliza maelezo yote kwa upole, kisha humwomba ayaanze tena kutokea katikati.

Zamani kipimo kilikuwa hodhi la maji. Mtungi ulijazwa hewa, ukazamishwa, na kama una tundu, viputo vilipanda vikaonekana na kila mwenye macho. Kisha kiwanda kikanunua geji, saa ya sindano inayopima msukumo wa hewa. Sasa mtungi unajazwa hewa, unafungwa, unaachwa kidogo. Sindano ikishuka, basi hewa imetoroka mahali. Ni njia ya haraka, tena haimlowanishi mtu viatu. Ila sindano hujua tu kwamba kuna mwizi. Dirisha alilotokea haiwezi kukuonyesha.

Na mwizi alionekana kuwa shemeji yake. Mume wa mdogo wake alikuwa mchomeleaji wa zamu ya asubuhi, na kila mchana, mitungi yenye alama yake ilipofungwa kwenye geji, sindano ilishuka. Ya mwenzake wa jioni, iliyolala bandani na kupimwa asubuhi, ilipita bila neno. Msimamizi hakuzunguka: mitungi ya leo ikivuja tena, shemeji aende nyumbani moja kwa moja.

"Shemeji, wewe unanitafuta," alisema mchomeleaji, amesimama mbele ya geji na miwani yake ya kazi juu ya paji la uso. "Tangu nimuoe mdogo wako hujanipenda."

"Sijakupenda, kweli. Lakini hii sindano haikualikwa harusini."

"Basi iambie inionyeshe tundu liko wapi."

Mama Povu alimtazama kwa kinyongo, maana alikuwa amesema jambo la maana. Akauchukua mtungi ulioanguka kwenye kipimo, akauzamisha kwenye hodhi la zamani. Akasubiri. Hakikupanda hata kiputo kimoja. Akaurudisha kwenye geji: sindano ikasimama tuli.

Mtu mwingine angefurahi. Yeye aliukwangua mshono kwa ukucha, kuona kama shemeji ameuziba kwa nta wakati yeye amegeuka.

"Umeupaka nini?"

"Jasho langu."

Hakukuwa na nta. Zikabaki shuku mbili: maji na sindano. Maji yalikuwa yamefanya nini ila kuupoza mtungi? Ndipo akaweka kiganja kwenye mtungi mwingine wa shemeji, akakiondoa upesi. Ulikuwa umetoka kwenye tanuri la kukaushia rangi muda si mrefu, bado una joto. Akachagua mtungi wa mchomeleaji wa jioni, uliopita asubuhi ile ile, akaomba upitishwe tanurini, akaufunga kwenye geji mbele ya msimamizi. Sindano ikaanza kushuka, taratibu, kama mzee anayetelemka ngazi.

"Hewa ikipoa hunywea," alisema. "Haijaenda popote."

Msimamizi aliamuru mitungi yote ipoe kwanza. Ikapoa, ikapimwa, mchomeleaji akiwa nyuma ya shemeji yake anahema shingoni mwake. Ikapita, ikapita, ikapita. Kisha mmoja sindano yake ikashuka. Hodhini, kiputo kidogo kama punje ya mtama kikatoka kwenye mshono, kikafuatwa na kingine.

"Huo nao una joto," alisema mchomeleaji.

"Umepoa kuliko wewe."

"Mmoja tu, shemeji! Nani atajua?"

"Atakayewasha jiko."

Akaupiga alama nyekundu. Msimamizi alitikisa kichwa: mtungi mmoja ni wa kurekebishwa, si wa kumfukuzia mtu kazi. Mchomeleaji aliubeba hadi mezani kwake, akauchomelea upya polepole, bila kuimba kama kawaida yake. Alipomaliza hakuupeleka kokote. Alivuta kiti akaketi kando yake, auangalie ukipoa, asije mtu akaupima kabla.