Lengalenga za Mutanga Nord

Mkuu wa shule alipokuja nyumbani kwangu, mtaa wa Cibitoke, na kilo ya sukari mkononi, nilidhani amekuja kunipongeza. Shule moja ya Ubelgiji ilikuwa imetuandikia ikitaka urafiki na yetu: wanafunzi waandikiane, vitabu vije, walimu watembeleane. Walimu wawili wa kwetu walialikwa wiki mbili. Vita ilikuwa imetukalia miaka mingi. Waasi walikuwa vilimani, askari barabarani, na mji wetu ulikuwa umebaki njia chache ambazo mtu angeweza kupita na kurudi kabla ya saa ya kujifungia ndani. Tangu mume wangu afariki kwa maradhi nilikuwa sijakanyaga nje ya Bujumbura, hata Gitega.

Nilifundisha Kifaransa, na katika shule ile sikuona wa kunishinda. Kwa hiyo nilimtilia mgeni chai, nikakaa kwa adabu kungoja sifa zangu. Yeye alikuwa anamtazama binti yangu wa miaka saba, aliyekaa kwenye mkeka akichambua maharage.

"Ni huyu tu?" aliuliza.

"Ni huyu tu, bwana direkta."

"Na baba yake alikufa."

"Alikufa."

Akaitikia kwa kichwa kama fundi aliyeridhika na kipimo. "Basi we utaenda. Ila mutoto utamuleta kwangu Mutanga Nord, akae na madamu mupaka urudi. Huku kwenu risasi ziko zinapita ovyo."

Nililia kwa shukrani. Nilimwombea dua mbele yake, mjinga mimi, na siku ya kumpeleka mtoto nilimbebea madamu, mkewe, kitenge kipya.

Mwenzangu wa safari alikuwa mwalimu wa hesabu kutoka mtaa wa Gasenyi, kapera aliyeishi na mama yake mzazi. Ndege ilipokwisha kupaa ndipo aliponieleza. Miaka miwili nyuma, mkuu wetu alikuwa amepeleka walimu wawili Ufaransa kwa mafunzo, na hakuna aliyerudi. Wizara ikamwita, ikamhoji siku baada ya siku kana kwamba yeye ndiye aliyewatorosha. Sasa hakuchagua tena kwa kalamu nzuri wala kwa Kifaransa.

"Anachagua mutu mwenye kitu cha kurudia," alisema. "Kwako alichukua mutoto. Kwangu alichukua mama. Alisema mguu wa mama ni mubaya, na kwake ni karibu na dispensari."

"Mi nilifikiri ni sababu ya Kifaransa changu."

Alicheka mpaka abiria wa mbele akageuka. Mimi sikucheka. Niliona aibu kwanza, hasira ilikuja baadaye, na ilipokuja haikuondoka.

Kule Ubelgiji walitupokea vizuri, sina la kuwalaumu. Watoto walituuliza kama tuna simba, tukawaambia tuna viboko wanaotoka ziwani kula majani ya watu, wakafurahi. Tulitia sahihi karatasi za urafiki, tukapigwa picha. Nilifikia kwa mwalimu mmoja mwanamke aliyeishi peke yake. Kila asubuhi alinituma mkate, na kila asubuhi nilienda kwa njia moja na kurudi kwa nyingine. Nilizunguka mitaa mitano kwa ajili ya mkate mmoja, kwenye baridi ile, kwa sababu hakuna aliyenizuia. Alidhani napotea. Akanichorea ramani.

Wiki ya pili aliniambia, akimenya viazi, kwamba kama nataka kubaki chumba ni changu na anamjua mwanasheria. Nikamuuliza habari za binti yangu. Akasema angeweza kufuata baadaye, labda baada ya mwaka, labda miwili, inategemea.

Mchana huo nilipiga simu Mutanga Nord. Mkuu ndiye aliyepokea, na kabla sijamaliza salamu akasema, "Mutoto ni muzima, anakula vizuri, anakungojea." Kisha akanipa mtoto. Binti yangu akanieleza habari za bafu la ndani na za bibi anayelala naye chumba kimoja. Nyuma ya sauti yake ukasikika mlio mzito, halafu mwingine.

"Ni mabomu, mama," alinituliza. "Lakini iko mbali."

Nilirudisha simu mahali pake, nikamwambia mwenyeji wangu asante, sitabaki. Nilimchukia mkuu wetu kwa chuki ambayo sikuwahi kuwa nayo hata kwa wale wenye mizinga.

Siku ya kurudi, kwenye uwanja wa ndege, mwenzangu alifungua begi lake akatoa sweta la rangi ya kahawa. "Hii ni ya mama."

"Si utampa mwenyewe?"

Akatazama viatu vyake. "Apana, dada."

Nilimsihi, kisha nikamtukana. Nilimkumbusha mama yake yuko nyumbani kwa nani. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa, akasema tu, "Utamukuta," akavuta begi lake akatoka. Nikabaki na sweta la watu mkononi, na wivu ambao sikuweza kuumeza.

Mkuu alikuja kutupokea Bujumbura. Aliniona mimi, akatazama nyuma yangu, akaendelea kutazama mpaka abiria wakaisha.

Tulipofika kwake, binti yangu alinirukia shingoni. Mama wa mwenzangu alikuwa uani, ameinama na kopo la maji, akimwagilia lengalenga, mchicha wa huku kwetu. Ilikuwa mistari mitatu iliyonyooka, imeota urefu wa kidole. Maneno yote niliyoyapanga angani yalinitoka. Nikampa sweta.

Alilipima uzito, akaligusisha shavuni. "Ni muzito. Ni vizuri."

"Mama, hakurudi."

"Najua. Mi nilimwambia asirudi. Nilikuja hapa na mbegu zangu, siku ya kwanza nikalima." Akanyooka taratibu, akamgeukia mkuu. "Direkta, mi niko hapa. Sasa utanifanya nini?"

Mkuu alikaa kwenye ngazi, mikono magotini. Wizara ilimwita tena. Safari zikafutwa, na barua za Ubelgiji zikapungua hadi zikakoma. Bibi yule alikaa Mutanga Nord akila mboga zake mpaka alipofariki, na mkuu ndiye aliyemzika. Siwezi kusema alimtendea vibaya.

Siku ile nilirudi Cibitoke nimemshika binti yangu mkono. Alikuwa akiniuliza habari za ndege, za baridi, za wazungu. Tulipofika kwenye kizuizi cha askari, tukiwa tunangoja zamu yetu, aliuliza, "Mama, ule mwalimu mwingine alibaki. We ulirudi sababu yangu?"

Nilisema ndiyo. Akatabasamu, akaniegemea kiunoni, amefurahi kupita kiasi. Mtoto wa miaka saba hawezi kumwambia mtu asirudi, na hakuwa na kosa lolote. Sasa ni mtu mzima, ana watoto wake. Sijawahi kumwambia kwamba pale kwenye foleni, mkono wake ukiwa ndani ya wangu, nilitamani angekuwa amezeeka kama yule bibi.