Mstari wa Mama Billy

Sella Adero, ambaye wachuuzi wa Kawangware humwita Mama Billy, alikuwa ameendesha pikapu yake ya samaki miaka mingi bila kuandikiwa kosa lolote, na rekodi hiyo aliionea fahari kama wengine wanavyoionea shahada za watoto wao. Ndiyo maana askari mgeni wa trafiki alipomsimamisha mbele ya kibanda chake mwenyewe, akamwandikia kwamba amevuka mstari wa njano na kuacha leni yake, alihisi ametukanwa.

"Mstari gani, afande?"

"Huo hapo, mathe. Ama huuoni?"

Aliuona vizuri sana. Aliuchora mwenyewe.

Barabara ile haikuwa imeonja rangi ya serikali tangu ilipowekwa lami. Waliopewa kazi ya kuipaka waliipaka kwenye ripoti, wakaenda zao. Tatizo la Sella, hata hivyo, lilikuwa Walubengo, muuza vitunguu, ambaye kila asubuhi alisogeza magunia yake kidogo, kwa unyenyekevu mkubwa, hadi wapita njia wakawa wanagombea lami na malori. Basi Sella, kwa kuwa ndiye mwenyekiti wa wachuuzi, alinunua rangi, akanyoosha kamba ya katani alfajiri, akapiga mstari. Kulipokucha alimweleza Walubengo kwamba ni wa kaunti, na atakayeuvuka atabebewa mali. Walubengo akarudi nyuma kama maji kupwa.

"Enda kortini useme ukweli," alishauri Nasike, muuza mandazi aliyeshika ncha ya pili ya kamba. "Hakimu atacheka, akuachilie."

"Na Walubengo akisikia?"

"Hapo sasa vitunguu zitafika hadi madhabahuni kanisani."

Wakati huohuo Walubengo alikuja kutoa pole, akiwa na uso wa mtu aliyefiwa na adui.

"Pole, Mama Billy. Mimi hiyo laini ya kaunti siikanyagi hata na kiatu. Lakini mbona usipinge? Ama kuna kitu unajua?"

"Nijue nini, baba?"

"Sijui. Nitakusindikiza kortini, nisikie."

Siku zilizofuata Sella alikaanga samaki akili ikiwa haipo. Akipinga, rekodi yake ingebaki nyeupe, lakini mstari ungekufa mbele ya shahidi aliyekingojea kifo hicho kwa hamu. Akikubali, angekuwa mkosaji kwa kuvuka rangi aliyoinunua yeye. Ni dhuluma gani hiyo, alijiuliza, ambayo mtu hujichorea?

Siku ya kesi Walubengo aliketi benchi la nyuma, suti yake ya kanisani imenyooka, sikio limeelekezwa mbele. Karani alisoma shtaka haraka haraka, kama anayemeza dawa chungu: kwamba mshtakiwa alivuka mstari halali wa barabara. Hakimu akauliza kama ni kweli.

Sella alivuta pumzi. Utetezi wake wote ulikuwa tayari mdomoni: rangi, kamba, Nasike. Akageuka kidogo, akaliona lile sikio.

"Ni kweli, mheshimiwa," alisema. "Ila ningeomba korti irudie, pale kwa mstari halali. Kuna mtu huku nyuma hasikii vizuri."

Hakimu, ambaye hakuwa amewahi kuombwa jambo kama hilo na mkosaji, alivua miwani, akarudia polepole, neno kwa neno, hadi likafika benchi la mwisho.